Walutheri wa Nairobi, nani ametunyamazisha? Kusanyiko haliimbi tena

#1 Karani_wa_Kwaya
Salamu wadau. Kuna jambo linaniwasha tangu Jumapili na nimeona nilitupe hapa kabla sijakosana na mwalimu wetu wa kwaya. Naimba tenor mwaka wa tisa sasa, usharika mmoja huku Eastlands, ibada ya Kiswahili ya saa tatu unusu. Juzi koo lilikuwa limeniuma kwa hivyo sikupanda kwaya, nikakaa chini na waumini, safu ya tatu kutoka mwisho, mahali sijawahi kukaa tangu nijiunge.

Wimbo wa kwanza ukatajwa, kinanda kikalia, tukaanza. Kufika ubeti wa pili nikagundua najisikia mwenyewe tu. Kushoto kwangu mama amefungua kitabu anakitazama kama mtu anasoma risiti. Kulia kijana anasogeza midomo, sauti haitoki. Mbele yangu wazee watatu mikono nyuma, kimya kama wako foleni ya benki. Na huko juu kwaya inapasua, maiki nne, spika mbili kubwa. Ukiwa kule mbele unaapa kanisa lote linaimba. Miaka tisa nimekuwa nikiapa hivyo.

Na sisi ndio tunajigamba Luther alirudisha wimbo midomoni mwa waumini! Sasa nani ameutoa? Kwaya, kinanda, projekta, ama ni sisi wenyewe tumechoka? Tafadhali msitaje usharika wa mtu kwa jina.

#2 BesiYaPili
Ni tenor. Ukitoka nyinyi wanne watu wataimba. Naondoka kabla sijatupiwa kitabu.

#3 Mama_Tufaha
Nitasema kama mama wa benchi maana sijawahi kuwa kwaya hata siku moja. Nyimbo ziko juu!! Mimi wimbo naujua, nimeuimba tangu nikiwa msichana huko Kisii, lakini sasa hivi nikianza nao vizuri tukifika katikati pale panapopanda sauti inakatika, nanyamaza, nangoja ishuke nidake tena, na ikishuka tayari nimepoteza mstari basi naona heri nisimame tu na Mungu anajua moyo wangu. Wakati hatukuwa na kinanda mzee mmoja alikuwa anaanzisha wimbo na mdomo, akianzisha juu sana watu wanacheka, anashusha, tunaanza upya. Nani anaweza kuambia kinanda kishuke?

#4 Mkatoliki_Jirani
Kumbe na nyinyi? Sisi tulikuwa tunajifariji eti kuimba ndio kitu pekee mlitushinda nacho 😂

#5 Vidole10
Mimi ni mpiga kinanda (sio kwa akina Karani, pengine). Mama Tufaha kwa heshima zote, sisi tunapiga kii (kimo cha wimbo) iliyo kitabuni. Hizo noti ziliandikwa na watu wanajua sauti ya mwanadamu. Shida ni watu hawafanyi zoezi la kuimba nyumbani, mtu anaongea na bosi wiki nzima kwa kunong'ona halafu Jumapili anataka apande hadi re ya juu bila kupasha koo. Msitafute mchawi kwa mpiga kinanda kila mara. Kinanda hata nauli hakilipwi.

#6 Mjukuu_wa_Kipaimara
Sababu ni Korona, watu wamesahau tu. Kumbukeni Julai 2020 makanisa yalivyofunguliwa, watu 100 mwisho, ibada saa moja, chini ya miaka 13 wasije na zaidi ya 58 wasije. Sasa fikirieni ni nani walikuwa wanajua nyimbo kwa moyo. Ni hao wa zaidi ya 58! Na ni nani walikuwa wanajifunza kwa kusikia? Ni hao watoto! Tukabaki sisi wa katikati tumevaa barakoa tunaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho ndio muda utoshe. Barakoa zilitoka, lakini kwetu mpaka leo mwongozaji anasema "ubeti wa kwanza na wa mwisho". Wimbo wa beti tano unakata tatu za katikati, na hadithi yote iko huko katikati. Kuna wimbo wetu mmoja shetani anatokea ubeti wa kwanza halafu tunaruka hadi mwisho, hatujui alipigwa saa ngapi.

#7 Sauti_ya_Tatu
#6 umenimaliza na huyo shetani. Lakini kwetu watu walikuwa kimya hata 2017, nilikuwepo.

#8 Kijana_wa_Umoja
Wazee mkubali tu nyimbo zenyewe ni za zamani. Luther mwenyewe alikuwa anachukua midundo ya kilabuni anaweka maneno ya Mungu ndio watu waimbe. Leo tukileta mdundo wa kisasa kidogo mnasema tumeleta dunia kanisani. Luther angekuwa Nairobi angekuwa anapiga gengetone.

#9 Msomi_wa_Noti
#8 pole, hiyo ya kilabuni ni porojo, imezunguka dunia nzima. Inasemekana chanzo chake ni jina. Wajerumani wana muundo wa wimbo unaitwa Barform: sehemu ya kwanza inaimbwa, inarudiwa kwa maneno mengine, halafu inakuja sehemu tofauti ya kufunga. Nyimbo nyingi za Luther ziko hivyo, pamoja na ile maarufu inayosema Mungu ni ngome yetu. Mtu akasikia "Bar" akafikiria ni baa. Hakuna tusker pale ndugu yangu.

Kweli kuna mara alichukua tyuni ya mtaani, ule wake wa Krismasi wa kutoka mbinguni juu, ulichapwa 1535 na tyuni ya wimbo wa vitendawili uliokuwa unajulikana na watu. Lakini kufika 1539 alishautoa akauwekea tyuni nyingine. Yaani mfano mnaoshika ndio huo alioubadilisha mwenyewe.

#10 Kijana_wa_Umoja
Sawa mwalimu, lakini ALICHUKUA. Nimeshinda.

#11 BesiYaPili
Amechukua akarudisha kama sufuria ya jirani.

#12 Fundi_Mitambo
Nyinyi mnaongea Ujerumani na shida iko kwa ukuta. Mimi ndio nakaa kwa miksa. Makanisa yetu mengi ya huku ni ukuta wa mawe, mabati juu, vigae chini, hakuna hata pazia. Ukiweka maiki nne za kwaya na kinanda kwa spika hizo za maduka ya mtaa wa Luthuli, sauti inagonga mabati inarudi. Muumini akifungua mdomo hasikii jirani yake, na mtu asiposikia jirani anaogopa kusikika peke yake, ananyamaza. Kuimba kwa kundi ni kujificha, kila mtu anajificha kwa sauti ya mwenzake. Punguzeni maiki muone. Mimi nilijaribu kupunguza Jumapili moja, mwenyekiti wa kwaya akanitumia vijana wawili waulize kama nina shida nao.

#13 Karani_wa_Kwaya
#12 hao vijana wawili mmoja nilikuwa mimi? Maana kuna siku nilitumwa 😅

#14 Fundi_Mitambo
Sitasema kitu.

#15 Mchaga_wa_Donholm
Jamani mimi nimelelewa Moshi nikahamia hapa kikazi, kwa hiyo niwape ya upande ule. Kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kaskazini kuna matarumbeta. Hiyo ni mbegu ya Wajerumani, misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro 1893, na kwao makanisa ya Kilutheri yana vikundi vya tarumbeta mpaka leo. Tarumbeta likilia husikii aibu tena, unaimba tu, kwanza linapigwa na pumzi kwa hiyo mpigaji anapumua pale pale unapopumua wewe. Kinanda hakipumui! Mpiga kinanda anaweza kwenda mistari minne bila kukumbuka kwamba kuna watu wanahitaji hewa.

Halafu kuna jambo la vitabu. Mimi nina Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha KKKT, mkononi, jirani yangu ana kitabu cha hapa, mwingine ana Tenzi za Rohoni. Tyuni moja, maneno matatu. Nikianza kwa sauti najikuta naimba kitu tofauti na benchi zima, wananigeukia kama nimekanyaga mtu. Nikaacha. Sasa naimba kimoyomoyo. Nina sauti nzuri sana ambayo Nairobi haijawahi kuisikia.

#16 Sauti_ya_Tatu
#15 hapo umegusa. Mistari mitatu tofauti kwa wakati mmoja ni kama stendi ya matatu Muthurwa.

#17 Mzee_Kitabu_Cheusi
Liturjia yetu tumeipata kwa Wajerumani na tuliimba vizuri mpaka hawa wa projekta walipokuja.

#18 Msomi_wa_Noti
Mzee shikamoo. Marekebisho madogo. Hapa Kenya tuna makanisa mawili ya Kilutheri, ELCK na KELC. Kama uko ELCK basi mizizi ni Waswidi, walianza kazi Itibo, Kisii, 1948. KELC ndio iko karibu zaidi na ndugu wa Tanzania. Wajerumani walikuwepo Kenya lakini mapema, misheni ya Hersbruck ya Bavaria ilienda Ukambani, baadaye kazi ikaingia mikononi mwa Leipzig, walikuwa Ikutha, halafu vita ya 1914 ikakata kazi yao. Kwa hiyo ile sehemu ya mchungaji kuimba na sisi kujibu inategemea uko upande gani. Ila kwa projekta tuko pamoja, sikupingi.

#19 Mzee_Kitabu_Cheusi
Marahaba. Mimi nilibatizwa na Mswidi, kwa hiyo nilijua, nilitaka kuona kama mnajua.

#20 BesiYaPili
😂😂😂 Mzee!

#21 Jirani_wa_Ukuta
Mimi si Mlutheri, naishi nyuma ya kanisa moja (si la kwenu). Ati kusanyiko haliimbi? Basi ni nani huyo ananiamsha Jumapili saa kumi na mbili na robo na "hallo hallo maiki moja mbili"? Kuna kanuni za kelele za 2009 jamani, za NEMA, mamlaka ya mazingira. Someni pia hizo kwa liturjia.

#22 Fundi_Mitambo
Hiyo ni saundi cheki ndugu, ndio uimbiwe vizuri baadaye.

#23 Mwalimu_Solfa
Nimefundisha kwaya miaka mingi na nitasema kitu wengine hawataki. Kwaya zimekula nyimbo zote. Hesabuni. Kwaya kuu nyimbo mbili, vijana mbili, akina mama moja, timu ya sifa dakika ishirini, wageni kutoka mtaa jirani moja kwa sababu wamekodi basi haiwezekani warudi bila kuimba. Kusanyiko limebakiwa na wimbo wa kuingia, wa kabla ya mahubiri na wa sadaka. Na wa sadaka watu wanatembea, wengine wanatafuta simu watume kwa paybill. Utaimbaje ukiwa unaweka pini?

Sasa mtu anayeimba mara tatu kwa wiki dakika tatu tatu atakuwa na sauti ya wapi? Nilipoleta hoja hii kwa kamati niliambiwa nina wivu na timu ya sifa. Kwaya yangu yenyewe ndio ilinipinga zaidi, sare mpya zilikuwa zimeshonwa wakataka zionekane.

Na watu hawajui solfa siku hizi, ile ya kusoma wimbo kwa do re mi. Zamani ukimwandikia mtu d:m:s ubaoni anakuimbia. Solfa ya Wajerumani ilitusaidia sana.

#24 Msomi_wa_Noti
Mwalimu kila kitu sawa isipokuwa solfa si ya Wajerumani, ni ya Waingereza. Mama mmoja anaitwa Sarah Glover wa Norwich ndiye aliitunga, halafu mchungaji John Curwen akaieneza miaka ya 1840 kwenda mbele, ndio ikasafiri na wamisionari. Na ukitaka asili kabisa ya ut re mi ni Guido wa Arezzo, Mtaliano, karne ya 11.

Kuhusu kwaya kula nyimbo: kwaya si adui tangu mwanzo. 1524 ndio mwaka kijitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri kilitoka, nyimbo nane, nne za Luther. Na mwaka huo huo Johann Walter akatoa kitabu cha KWAYA kule Wittenberg, sauti nyingi, Luther akaandika utangulizi. Wamezaliwa pamoja kama mapacha. Walichokuwa wanafanya ni kupokezana, kwaya ubeti huu, kusanyiko ubeti ule. Na kinanda hakikuwa kinasindikiza kusanyiko miaka hiyo, hiyo imekuja kushika karne ya 17. Watu waliimba wakiongozwa na sauti ya mtu. Kama yule mzee wa #3.

#25 Mama_Tufaha
Asante! Nilisema mimi. Na sikuwa na kitabu hata kimoja.

#26 Kijana_wa_Umoja
Msomi wewe unalala saa ngapi

#27 Kipusa_wa_Alto
Hakuna mtu ametaja mwendo. Wimbo unaburutwa mpaka unasahau ulianza na neno gani. Nilisoma mahali kwamba ule wa ngome zamani ulikuwa na mdundo wa kuruka, noti ndefu na fupi zimechanganywa, baadaye ndio ukanyooshwa noti zote zikalingana kama mistari ya daftari. Msomi utanikosoa kama nimekosea. Kwetu huo ulionyooshwa unaimbwa polepole tena, mstari mmoja unaisha na sina pumzi.

Halafu Jumapili hiyo hiyo ikipigwa Mfurahini Haleluya kwa Pasaka kanisa linapasuka, mpaka wale wazee wa mikono nyuma wanayumba. Huo ulitungwa na Mlutheri wa Tanzania, Kyamanywa, 1966, tyuni ya Kihaya. Watu wanaweza kuimba. Wanachagua.

#28 Msomi_wa_Noti
#27 hujakosea, mdundo wa mwanzo ulikuwa hivyo.

#29 Vidole10
#27 huo wa Pasaka pia napiga na kinanda. Kwa hiyo kinanda si shida, asanteni, tufunge uzi.

#30 Kijana_wa_Umoja
Hatufungi. Na kingine, Kiswahili cha vitabuni. Mimi nimezaliwa Buruburu. "Uliyenikirimia", "nisije nikahilikishwa"? Naimba huku najiuliza nimeomba nini. Mdogo wangu aliuliza hilo neno la pili ni dawa ya mbu.

#31 Mzee_Kitabu_Cheusi
Hapo ndipo kipaimara kilipokufa. Sisi hukuwekwa mikono kama hujasema nyimbo kumi na mbili kwa moyo, mbele ya mwalimu, na neno usiloelewa unauliza. Siku hizi kipaimara ni suti na keki.

#32 Mjukuu_wa_Kipaimara
Mzee na mimi nilisema kwa moyo, nyimbo sita. Mbili bado ninazo. Nne nilizitapika siku ya mtihani zikaenda.

#33 Karani_wa_Kwaya
Wadau asanteni, nimesoma zote. Nina ripoti. Jumamosi kwa mazoezi nilifika mapema nikiwa na hii kesi ya Mama Tufaha kichwani. Mpiga kinanda wetu (Vidole10 naomba Mungu usiwe wewe) alikuwa hajaja, nikawasha kinanda. Kwenye kioo pale kwa kona kumeandikwa kadogo: TRANS +3, yaani kinanda kinapandisha kila noti nusu toni tatu. Nikafikiri nimebonyeza mimi. Nikazima, nikawasha, +3 iko pale pale, imewekwa kwa mipangilio ya kuwaka. Alipokuja nikamuonyesha. Akanyamaza kidogo akasema, "Hiyo ni ya harusi." Harusi ipi? Ya Agosti. Bibi harusi alikuwa soprano akataka wimbo wake juu, wakaisevu isisumbue, hakuna mtu amekumbuka kuitoa.

Sasa tuko Machi.

Yaani wimbo wa kii ya G tumekuwa tukiuimba B flati. Pale mama anafika re ya kitabuni, kwa kinanda ni fa.

#34 Mama_Tufaha
HALELUYA. Na hata si kanisa letu!!

#35 BesiYaPili
Miezi saba tenor mmekuwa mkifika fa ya juu na hamkushtuka. Nilisema ni nyinyi.

#36 Vidole10
Kwanza, si mimi. Pili, naenda kuangalia cha kwetu sasa hivi.

#37 Vidole10
Kiko 0. Lakini mwenzangu wa ibada ya Kiingereza huwa anaweka +1 kwa kusudi, anasema inang'aa.

#38 Fundi_Mitambo
#33 +3 haielezi ile kimya yote. Kwaya mlikuwa mnaimba hiyo hiyo +3 na mlikuwa mnasikika, kwa sababu mna maiki. Narudi kwa hoja yangu.

#39 Mjukuu_wa_Kipaimara
Na Agosti ni juzi. Karani alisema miaka tisa.

#40 Karani_wa_Kwaya
#39 nilisema miaka tisa nimekuwa mbele nikidhani wanaimba. Sijui walinyamaza lini, ndio shida yenyewe.

Ngojeni sasa ya Jumapili. Tulirudisha 0. Mwalimu akakubali maiki mbili tu, kwa shingo upande. Nikaomba ruhusa nikakaa tena kule nyuma, benchi lile lile. Wimbo wa kuingia, beti zote nne. Mama wa kushoto aliimba. Kitabu amefunga! Kijana wa kulia bado anasogeza midomo, nikachungulia, kumbe anatafuna. Wale wazee watatu: mmoja aliguna besi kidogo ubeti wa tatu, wawili kimya kama kawaida.

Baada ya ibada nikamfuata mmoja wao nje pale kwa chai, nikamsalimia, nikamuuliza kwa upole, mzee mbona sikukusikia kwa wimbo. Akanitazama. "Kijana, kitabu walisema tuache nyumbani, maneno yako ukutani. Ukuta uko mbali na miwani yangu ni ya karibu."

#41 Sauti_ya_Tatu
😂😂 Kesi imerudi kwa projekta.

#42 Mzee_Kitabu_Cheusi
Mlipeni huyo mzee soda.

#43 Fundi_Mitambo
Naweza kuongeza herufi lakini mstari utakatika, slaidi mbili kwa ubeti mmoja, na yule wa kubonyeza huwa amesahau kubonyeza.

#44 Mchaga_wa_Donholm
Nina tarumbeta ndani ya nyumba hapa Donholm, niko tayari. Naongea kwa dhati.

#45 Jirani_wa_Ukuta
Tafadhali usiwe nyuma yangu.

#46 Kipusa_wa_Alto
Karani, huyo mzee wa pili aliyekuwa kimya ulimuuliza?

#47 Karani_wa_Kwaya
Nilimfuata, alikuwa ameshapanda bodaboda. Jumapili ijayo.